Mgeni wa Bibi Olha

Perla Macaraeg alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, kwenye mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan, Kanada. Kibali chake cha kazi kilikuwa na jina la nyumba ile. Kwingine hakuruhusiwa hata kuosha sahani. Maombi yake ya ukaazi wa kudumu yalikuwa yameshapelekwa, na kwa kuwa kibali kilikaribia kuisha, aliomba kile cha muda wanachopewa wanaosubiri majibu, kinachomruhusu mtu kufanya kazi popote. Kilichobaki ni kusubiri na kufunga mdomo.

Mdomo ndio uliomshinda.

Majira yale ya baridi meneja, Bwana Kessler, alipunguza wafanyakazi, akaagiza wazee wasioweza kutembea waachwe kitandani mpaka adhuhuri. Bibi Olha, aliyelima ngano maisha yake yote, akaanza kupata vidonda mgongoni. Perla akamfuata meneja ofisini.

"Bosi, wale si magunia. Bibi Olha anaoza mgongo."

"Perla, kibali chako kina jina la nani?"

"La hapa."

"Basi rudi kazini."

"Narudi. Nakwenda kumwamsha."

Akamwamsha, akamvalisha, akamsukuma kwenye kiti chake hadi mezani. Kufika jioni alikuwa hana kazi.

Divina, mfanyakazi mwenzake waliyepanga naye chumba, alimpakulia supu ya ukwaju huku akimgombeza.

"Dada, umerogwa? Ungengoja kidogo tu kibali kitoke, ungemtukana kwa raha zako!"

"Na mgongo wa bibi nao ungengoja?"

Divina akamwongezea samaki.

Siku zilizofuata zilimuuma. Alikuwa na mikono mizima asiyoruhusiwa kuitumia. Mama yake alipopiga simu kutoka kwao Pangasinan, Ufilipino, alimwambia kazi inakwenda vizuri, kisha akajifungia bafuni akalia. Lakini kila asubuhi alivaa nguo zake za kanisani, akakanyaga theluji hadi kule, akajitaja mlangoni kuwa mgeni wa Bibi Olha. Kessler alipotaka kumfukuza, Bibi alipaza sauti ikasikika mpaka jikoni.

"Ni mgeni wangu! Hapa ni kwangu, nalipia! Na wewe kijana, usisimame tu hapo, mletee mgeni kahawa!"

Ila Bibi hakukubali kupokea mgeni akiwa amelala, kwa hiyo ilibidi aamshwe. Wazee wengine waliposikia, nao wakaanza kumwalika Perla, kila mmoja akidai avalishwe mapema maana ana mgeni.

Habari zikafika kwa watoto wao, na kutoka kwao zikafika serikalini. Wakaguzi walipokuja walimkuta Perla akicheza karata na kundi zima la wazee. Aliwaeleza yote na kuwapa jina lake kamili. Divina, ambaye kibali chake bado kilikuwa na jina la nyumba ile, akasogea akasimama kando yake.

"Andikeni na langu," akasema.

Kessler aliondolewa. Kibali cha Perla nacho kikatoka, hakina jina la bosi yeyote. Meneja mpya alimpigia simu akimbembeleza arudi.

"Nitafikiria," Perla akajibu.

Alikuwa ameshaamua kurudi, lakini alimwacha angoje mpaka kesho yake. Tangu aingie nchi ile, alikuwa hajawahi kuwa yeye anayesubiriwa.