Kamera Nzito ya Reverien

Reverien alipigwa harusini Makere, mchana kweupe, kwa sababu kamera yake ilikuwa ndogo. Ilikuwa moja ya zile zisizo na kioo ndani, nzuri enzi zake, lakini sasa mpira wake ulikuwa umebanduka na mlango wa betri umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Melkiadi, mjomba wa bibi harusi, alipoiona tu akajua ukoo wake umedharauliwa. Huku kwetu mpiga picha hupimwa kwa ukubwa wa kamera, kama ng'ombe kwa pembe.

"Tumeita mpiga picha, wewe unatuletea mdoli?"

Kofi la kwanza lilimpasua mdomo. La pili lilimkuta anaanguka, na kiatu cha Melkiadi kikamfuata mbavuni. Watu wakacheka. Kicheko kile kilimuuma kuliko jino aliloliacha vumbini.

Picha za harusi ile zilitoka nzuri ajabu, sijui alizipigaje akitema damu. Mdogo wake bibi harusi alipoposwa, akamtaka Reverien huyohuyo, kwa sharti moja tu: aje na kamera ya maana.

Basi akaenda dukani kwa Shamsi, Kasulu mjini. Shamsi akamwekea mbili mezani.

"Kaka, chukua hii ndogo. Ni ndugu ya hiyo yako, lenzi zako zote zinaingia. Gizani inaona vizuri, na inakamata jicho la mtu, hata akikimbia hailiachi."

"Na hili?"

"Hilo zee. Jua likizama picha zake ni chenga tupu. Lina uzito, basi."

Reverien akalinyanyua lile dude jeusi. Akauzungusha mkanda kiganjani, akaliacha lining'inie, akalipima. Hakutazama hata ndani yake. Alichokuwa anakiona ni paji la uso la Melkiadi.

"Unachagua kamera au rungu?" Shamsi akacheka.

"Nifungie hili."

Mjinga mkubwa! Fundi wa picha kama yule, anaacha jicho anachukua nyundo.

Harusini alipokelewa kama mheshimiwa. Akapewa soda na kiti cha mbele, na Melkiadi mwenyewe akamkumbatia, ananuka pombe ya ndizi. "Sasa hii ndiyo kamera, sha!" Radhi hakuomba. Hata lile jino hakulikumbuka. Reverien akatabasamu kwa pengo lake, akawa anasubiri sababu.

Sababu ilikuja jua likizama. Upande wa bwana harusi ulikuwa umeleta mpiga picha wao kutoka Kibondo, dada mmoja aitwaye Ange, na shingoni alivaa kamera ndogo, ya aina ileile aliyoikataa Reverien kwa Shamsi. Melkiadi akamvaa.

"Mdoli mwingine!"

Akamkamata nywele, akamburuta chini ya turubai mpaka magoti yakachubuka.

"Mwachie!" Reverien alipiga kelele, na dude lilikuwa tayari hewani. Pigo la kwanza lilipasua paji la uso. La pili likavunja lenzi. Melkiadi akamwachia Ange, akaanguka chali, akainua mikono akisihi. Reverien akaendelea. Damu iliruka mpaka kwenye keki, na akina mama wakaangua kilio cha msiba katikati ya harusi.

Melkiadi alikata roho njiani kupelekwa hospitali.

Kituoni Reverien alijieleza bila kutetemeka. "Afande, nilikuwa namwokoa huyu dada. Marehemu sikuwa na kinyongo naye." Walioona walisema vivyo hivyo, kwamba aliingilia kumtetea mwanamke. Ange alilia, akamwombea kama kaka yake wa damu. Kisha, kwa nia njema kabisa, akatoa kamera yake. Pale chini alipoachiwa, kidole chake kilibonyeza chenyewe, na hakuwahi kuitazama ile picha. Aliamini itamsaidia mwokozi wake.

Afande akaikuza, kisha akamgeuzia Reverien.

Picha ilikuwa safi, haina chenga hata moja, pamoja na giza lile. Melkiadi yuko chali, mikono juu, ameshashindwa. Ile kamera nzito iko juu yake, inashuka. Na kamera ndogo ilikuwa imekamata jicho la Reverien, kope zote zinahesabika, na chini yake mdomo wazi na pengo la jino. Alikuwa anacheka.