Bibi wa Machimbo ya Boko

Saa mbili asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1951, baruti ililipuliwa kwenye machimbo ya mawe ya Boko, na vumbi lilipotua wanawake wagonga kokoto walirudi kwenye mafungu yao. Kwa kawaida walikuwa kumi na wawili. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja, kwani Ijumaa iliyopita Yuliana alirukiwa na kipande cha jiwe kwenye jicho la kushoto. Tunu, aliyezoea kukaa jirani yake, alikuwa akitafuta nyundo yake vumbini pale mwanamke mmoja mfupi alipotoka kwenye ufa uliofunguliwa na baruti, akijipangusa mabega.

Kimo chake kilimfikia Tunu kifuani. Paji la uso lilikuwa limelala nyuma, mfupa wa juu ya macho umetokeza kama kibaraza, na vinyweleo vya mwili vilikuwa virefu kuliko vya watu wa siku hizi. Alilitazama jua, akawatazama wanawake, akaenda kukaa mahali pa Yuliana palipokuwa wazi.

"Shikamoo, bibi," alisema Tunu, maana ilionekana wazi kuwa ni mkubwa kwa wote.

Yule bibi alimshika kifundo cha mkono, akakinusa, akakiachia. Wanawake wakakubaliana kuwa hiyo ndiyo marahaba yake.

Nyapara Marselino, mtu wa bara aliyependa daftari lake lisiwe na nafasi tupu, alikuja na kalamu. "Jina?"

"Andika Bibi," Tunu alisema.

"Kabila?"

Tunu alifikiri kidogo. "Andika la kwetu sote."

Marselino akaandika, akampa mgeni nyundo. Bibi aliiramba, akaiweka chini, akashuka mpaka kijitoni na kurudi na jiwe jeusi la mviringo. Kisha akaanza kazi.

Tunu alikuwa amegonga kokoto miaka sita. Kwake kazi ile ilikuwa kunyanyua, kufumba macho, kupiga, na kumwomba Mungu. Bibi hakufumba macho. Aliligeuza jiwe kiganjani, akautafuta ukingo wake, akalilaza kidogo na kulipiga kwa mshazari, pigo moja dogo, na jiwe likafunguka kama muhogo ulioiva jikoni. Vipande viliruka kwenda chini, mbali na uso. Tunu alimtazama mpaka akasahau kwamba nyapara anamwona. Hakuna aliyemfundisha huyu, aliwaza. Alikaa na jiwe siku nyingi, njaa ikimuuma na chui akimnyemelea, mpaka akalijua. Alipolijua akampa mwanawe, mwanawe akampa wa kwake, na ndiyo maana leo watu wana visu na majembe na cherehani.

Mchana Tunu alimwomba amwonyeshe. Bibi alivishika vidole vyake, kimoja kimoja, akavipanga juu ya jiwe. Mkono ule ulikuwa mgumu kama gome, na dole gumba fupi, lakini ulishika kwa upole. Wiki mbili baadaye wanawake wote walikuwa wakipiga kwa mshazari, macho wazi, na hakuna aliyeumia.

Yuliana hakupata nafuu. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alimwambia kwamba jicho la kulia nalo limeanza kulifuata la kushoto. Awahi hospitali ya mjini, na huko hapokelewi bila barua ya kazini. Tunu akaenda kumwombea kwa bwana injinia, Mwingereza aliyefika machimboni kila Alhamisi. Alimkuta amechuchumaa mbele ya Bibi, kofia mkononi.

"Mama, unajua huyu ni nani?" injinia alimuuliza. "Watu kama huyu ndio waliotuzaa sisi sote, wewe na mimi. Wao ndio waliotangulia kusimama wima na kutengeneza kitu kwa mikono."

"Tunamwona, bwana. Ni hodari."

"Hodari sana."

"Basi ni bibi yako pia. Kwa heshima yake, mwandikie Yuliana barua."

Injinia alisimama, akavaa kofia. Alisema kwamba tangu wanawake wajifunze kugonga sawasawa hakuna jicho lililoumia, kwa hiyo imethibitika kuwa jiwe halina kosa. Yuliana aliumia kwa kutojua kazi, na asiyejua kazi haandikiwi barua.

"Lakini hakuna aliyetufundisha, bwana."

"Sasa mmefundishwa," injinia alijibu kwa furaha, akamwagiza Marselino aongeze madebe mawili kwa kila fungu, kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi.

Tunu alirudi kuketi. Ufundi alioupenda ndio uliomfungia Yuliana mlango. Alimtazama Bibi ili amchukie, akashindwa.

Kesho yake hawakwenda kazini. Alfajiri Tunu alimchukua Yuliana wakashika barabara ya mjini kwa miguu, na Bibi akawafuata bila kuitwa. Kabla ya nusu ya safari miguu ya Tunu ilikuwa imevimba. Bibi alikwenda kwa hatua fupi zilizo sawa, kichwa juu, mikono huru, kama mtu ambaye jambo hilo bado linamfurahisha.

Karani wa hospitali alinyoosha mkono dirishani. "Barua ya kazini?"

"Hatuna, mwanangu. Lakini mtazame mwenyewe."

"Bila barua siwezi. Na huyo mfupi anaumwa nini?"

"Huyu mzima."

"Basi awapishe wagonjwa kwenye benchi."

Tunu alirudi dirishani mara mbili zaidi. Adhuhuri dirisha lilifungwa, wakaanza kurudi. Walipopita Kinondoni, Yuliana alisimama.

"Da Tunu, mie ukingo wa barabara siuoni tena."

Bibi aliuchukua mkono wa Yuliana, akauweka begani kwake, akaanza kutembea. Yuliana aliyumba kidogo, kisha mwendo wake ukapatana na ule mwingine.

"Anakwenda vizuri huyu," alisema baada ya muda. "Utadhani hajawahi kuanguka."

"Ameanguka sana," Tunu alijibu. "Ndiyo maana."

Lori la kokoto lilikuja mbele yao likielekea mjini. Wakasogea majanini kulipisha, wakangoja vumbi litue, wakaendelea.