Fimbo ya Kijani Nyuma ya Kaunta

Kwa miaka ishirini na sita fundi saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dakika, alivua samaki na mtu mmoja tu: kinyozi wa mlango wa pili. Jumamosi mtoni, Jumapili ziwani. Kisha akahamia mtaani mwalimu mstaafu mwenye fimbo ya kuvulia ya faibaglasi, ya njano, na kinyozi akawa kila akifungua kinywa ni "mwalimu anasema."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Dakika aliijua methali hiyo, lakini roho ilimuuma vilevile. Jumapili iliyopita wale wawili walichekea jambo ambalo yeye hakulisikia. Alirudi nyumbani bila samaki, na chakula hakukigusa.

"Unamwonea wivu mwanamume mwenzako?" mkewe akauliza.

"Naionea wivu fimbo yake."

"Basi kanunue yako, mume wangu, tupumzike."

Ijumaa akaenda duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji akamlazia fimbo mbili mezani.

"Hii fupi ni ya mto wenye matawi ya miti kandokando. Hii ya futi tisa ni ya ziwa."

"Nataka moja, ya mto na ya ziwa."

Ndipo akaiona ya kijani, ya faibaglasi, futi saba na nusu, imeegemezwa nyuma ya kaunta na kikaratasi kimefungwa mpinini. Akaiomba, akaitikisa. Ilipinda polepole mpaka karibu na mkono, ikarudi bila pupa, kama pendulamu ya saa ya ukutani.

"Hiyo imeshawekewa mtu, mzee. Kinyozi anaichukua kesho asubuhi. Anampa rafiki yake wa mtoni."

Rafiki wa mtoni! Fimbo ya mwalimu ilikuwa ndefu mno kwa mto. Kila wiki ilinasa matawini, na kinyozi ndiye aliyepanda kuinasua. Kumbe sasa anamtafutia nyingine!

"Ndiyo," Dakika akasema, macho makavu. "Amenituma niichukue."

Akalipa, akatoka mbiombio. Njiani alikichomoa kile kikaratasi, akakisokomeza mfukoni bila kukisoma. Jina la mwalimu hakutaka kuliona.

Asubuhi aliwahi mtoni. Akarusha mshipi nyuma, akahesabu moja, mbili, mpaka uliponyooka, ndipo akaupeleka mbele. Nzi wa bandia, chambo cha kwenye ndoana, akatua majini kama aliyejiendea mwenyewe. Hakuwahi kurusha vile maishani.

"Dukani wanasema nimekutuma," sauti ya kinyozi ikasema nyuma yake. Mwalimu alikuwa naye.

"Nimelipa mwenyewe."

"Sijauliza hilo. Kikaratasi umekisoma?"

Dakika akakitoa mfukoni, akakinyoosha. Mwandiko wa kinyozi, mbovu kama siku zote: *Ya Dakika. Faibaglasi inataka mtu anayejua kuhesabu sekunde.*

Masikio yakampata moto.

"Na mimi ndiye niliyesema futi saba na nusu," mwalimu akaongeza kwa furaha. Hilo likamchoma zaidi.

"Wewe bwana," kinyozi akasema, "umejiibia zawadi yako mwenyewe! Sasa mimi nikupe nini?"

Dakika akakusanya mshipi. Akaifuta fimbo kwa leso, mpini mpaka ncha, akamkabidhi kinyozi kwa mikono miwili.

"Nipe," akasema. "Kama ulivyotaka kunipa."

Kinyozi akaipokea, akamtupia mwalimu jicho huku akizuia kicheko.

"Na yeye ageuke kule," Dakika akasema. "Hili ni letu sisi wawili."