Kisima cha Mizabibu ya Abibu

"Mama Abibu, weye mutu ya swala, hii zabibu utamukamulia nani divai?"

Ndivyo Mama Kabedi, jirani yake, alivyomuuliza Bilkisi siku ile Abibu alipoleta vijiti vya mizabibu kutoka Fungurume, amevifunga ndani ya gunia bichi. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Abibu, udongo wa shimo la madini ungali kwenye nywele zake, ndiye aliyejibu: "Ni ya kula, mama. Siku moja nitaacha kuchimba, nitauzisha zabibu ku soko."

Hakuwahi kuacha. Msimu wa mvua uliofuata, shimo likamwangukia kule Musonoi. Bilkisi alikimbia mpaka pale wanapowazuia wanawake, maana wachimbaji husema mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia na udongo hukasirika. Akasimama na wanawake wauza mikate, anasikia makelele ya wanaume tu. Alipokuja kumwona mwanawe, alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda.

Mizabibu ikabaki. Ilikuwa michanga bado, imemfika kiunoni. Bilkisi aliinywesha kwa bidoni, dumu lake la plastiki, na hata udhu alitawadhia juu ya mashina ili tone lisipotee. Mwaka huu bomba la mtaa likakauka, majani yakaanza kujikunja. Ndipo akamwita Badibanga, aliyekuwa akichimba pamoja na Abibu.

Badibanga aliuzunguka ua, akasimama upande wa chini. "Hapa, karibu na migomba. Mugomba haidanganyake, maji iko karibu. Na tuchimbe sasa, mbele ya mvua. Maji ukiipata mu jua kali kama hii, haitakauka tena."

Wakapanga yote: pipa juu ya matofali, na tuyo, mpira wa maji wenye vitundu, ipite mstari kwa mstari, idondoshe maji polepole kwenye mizizi, kwa sababu mzabibu haupendi kulala majini. Usiku huo Bilkisi alilala bila kulia.

Asubuhi Badibanga alikuja na sururu, na mwenzake wa kuvuta udongo. Wakamkuta Bilkisi ameketi kwenye kigoda, palepale penye alama aliyoichora Badibanga jana, tasbihi mkononi, kamba mpya miguuni.

"Mama, ingia mu nyumba."

"Nyumba ni yangu, na kisima ni yangu."

"Weye unajua, mama. Mwanamuke haikalake pembeni ya shimo."

"Hii si shimo ya madini. Ni maji."

"Udongo haiulizake unatafuta nini."

Bilkisi alizungusha punje za tasbihi. "Siku ya Abibu mi nilibakia na bale ba mikate," alisema. "Sikuona nani alimushika. Sikusikia kama aliniita. Sasa mutoto wa mwanamuke mwenzangu ashuke mu shimo yangu, mi nikae mu nyumba?"

Yule mwenzake alishaanza kukusanya vyombo. Badibanga akashika jani moja, likavunjika mkononi. "Mama, hata ukiita mwingine, atakuambia vilevile. Na hii mizabibu haitangoja."

Kweli, haingengoja. Bilkisi aliitazama, yote, mpaka ule wa mwisho ambao Abibu aliupanda umepinda akakataa kuunyoosha. Kisha akainuka. Akaichukua kamba, akampitishia Badibanga chini ya makwapa, akaivuta, akafunga fundo kifuani, akalijaribu, akalijaribu tena, kama mama anavyofunga kitenge mtoto akiwa mgongoni. Badibanga, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliinua mikono akavumilia.

"Usiifungue."

"Sitaifungua, mama."

Ile ncha nyingine akampa yule mvuta udongo, akamkunja vidole juu yake kimoja kimoja. Akasoma bismillahi kimoyomoyo, akajitanda mtandio, akawapa mgongo. Nyuma yake sururu ikapiga udongo mara ya kwanza, naye akashtuka.

"Mama! Maji ikitoka tutakuita!"

Hakuingia nyumbani. Alifungua mlango wa ua, akatoka, akaketi nje ya ukuta, pale ambapo mtu akimwita angesikia.