Saa Sita ya Huko

Shangazi alikwisha kuwatangazia wote wodini: bandeji haitoki mpaka binti afike. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika zamani. Hili la kulia, lililopasuliwa jana, ndilo tegemeo lake. Uso wa kwanza alioutaka ni wa yule mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu mama mtu alipofariki na baba mtu akishinda barabarani na lori. Mtoto huyo ndiye aliyembembeleza kwa simu mwaka mzima akubali kutibiwa.

Baba mtu alikuwa amestaafu lori, lakini majivuno ya dereva hayastaafu. Hesabu alipiga yeye.

"Kilomita elfu saba na ushee, dada. Ndege inakula mia tisa kwa saa. Safari ya saa nane tu. Anaondoka saa sita usiku, saa mbili asubuhi anatua. Daktari akija saa nne, mwanao yupo hapa."

Saa nne ikafika, daktari akafika, binti hakufika.

"Labda kuna foleni," kaka akajikohoza.

"Foleni ya mawingu?" akauliza shangazi.

Muuguzi aliomba kuiona tiketi kwenye simu, akacheka. "Mzee, hii saa sita ni ya huko. Kwao ikiwa saa sita usiku, huku ni saa tisa za usiku, tumelala. Tena njiani anangoja ndege nyingine kwa saa nne. Anatua saa tisa alasiri."

Kaka akanywea. "Lori langu halijawahi kufika mahali saa zinapobadilika," alinong'ona, kisha akachukua kofia yake kwenda kumsubiri uwanjani.

Shangazi akageukia upande wa sauti ya daktari. "Mwanangu, nivumilie. Giza nimelizoea."

Daktari alishusha pumzi. "Nitaanza na wengine. Lakini saa kumi na nusu naondoka. Awepo, asiwepo, nafungua."

"Subira huvuta heri," muuguzi akamfariji shangazi.

"Basi iivute kwa kamba!"

Akabaki kusikiliza. Kigari cha chakula kikapita, ufagio ukapita, wauguzi wa zamu mpya wakaja wakisalimiana. Shukrani zilikuwa nyingi kuliko hofu. Alimshukuru Mungu kwa daktari aliyekubali kungoja, kwa muuguzi mcheshi, hata kwa kaka yake mjuaji. Zaidi alishukuru kwamba huko juu, mahali asipoweza hata kupafikiria, kuna mtu amefungwa mkanda kitini kwa ajili yake.

Saa kumi na nusu daktari akakaa kitandani. "Muda umekwisha, mama."

"Haya. Umeshanitendea mengi."

Akaanza kubandua plasta. Aliibandua polepole, polepole mno, na shangazi akatambua kwamba plasta haihitaji muda wote huo. Ndipo magurudumu ya sanduku yakasikika koridoni, yakikimbia. Mkono wa daktari ukasimama. Mkono mwingine, wa baridi, ukaushika wa kwake.

"Fungua," akasema shangazi.

Mwanga ulimwingia kwa kishindo, kisha ukatulia, ukawa uso: macho mekundu kwa kukosa usingizi, nywele zimelala upande mmoja, na mvi chache ambazo hakuna aliyemwambia habari zake. Nyuma alisimama kaka, kofia mkononi, mzee kuliko alivyomwona mara ya mwisho.

"Nisamehe, shangazi," binti akalia. "Nimechelewa."

"Umechelewa wapi, mwanangu? Mimi ndiyo kwanza nafumbua macho."