Feni ya Kinyumenyume

Mume wangu watu wanamwita Pangaboi, jina la feni ya dari, na hata mimi nikimkasirikia humwita hivyo. Ametengeneza feni tangu hajaota ndevu. Za dari, za mezani, za kusimama, zote hupita kwenye karakana yake iliyo mbele ya nyumba yetu, na hakuna jirani aliyewahi kulala na joto kwa sababu fundi kashindwa. Sifa hizo namwachia. Lakini kwa ubishi, jamani, huyu mwanamume alipimiwa kwa ndoo.

Binti yetu wa pekee alijifunza kazi kwenye benchi la baba yake, kisha akapata ajira kule kilimani, kwenye mitambo ya upepo. Huko anapanda mnara, anakaza nati, anapaka grisi, anashuka. Baba yake akawatangazia wateja kwamba mtoto anatengeneza feni kubwa. "Zina mapanga? Zina mota? Basi ni feni," ndivyo alivyokuwa akisema. Na kwa kuwa ni feni, hakuona sababu ya mtoto kuzifuata mbali wakati za nyumbani zimejaa tele na karakana inamngoja.

Wiki moja binti akaletewa habari: wanataka awe msimamizi wa mafundi kwenye kituo kipya, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Alinivuta jikoni akaniambia, "Mama, baba asiponiruhusu kwa moyo mmoja, siendi." Nikaingiwa na hofu, maana namjua. Angebaki, angetabasamu, na donge lingemkaa kooni maisha yake yote.

Kwa bahati, Jumapili ilikuwa siku ya familia za wafanyakazi kutembelea kituo chao cha kule kilimani. Nikamwambia Pangaboi avae shati lake la kuendea harusini, twende akajionee.

Tulipofika, mitambo yote ilikuwa inazunguka taratibu, isipokuwa mmoja wa mbele kabisa uliokuwa umesimama tuli. Pangaboi akautazama, akakunja uso, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kama asemavyo feni ya mteja ikigoma kuanza, "Hii kapasita imekufa. Lisukumeni panga kwa fito, itaanza yenyewe."

Mafundi vijana wakaangua kicheko. Mkuu wa kituo naye akacheka, ingawa yeye alijiziba mdomo. Binti yangu hakucheka. Alimweleza baba yake kwamba ule umesimamishwa kwa ajili ya matengenezo, mapanga yamegeuzwa ubavu ili upepo upite bila kuyasukuma.

"Na hizi nyingine mbona zinajikokota?" Pangaboi akauliza. "Kwa spidi hiyo nani atapata upepo?"

"Hatutoi upepo, baba, tunaupokea. Mapanga yamewekwa kwa kuinama kidogo, upepo ukipita unayazungusha. Yanakwenda polepole, ila ndani ya kile kichwa cha juu kuna giaboksi inayoongeza mzunguko mpaka jenereta ipate kasi yake. Hapo ndipo umeme unapotoka."

"Na upepo ukibadili upande?"

"Kuna mota zinakigeuza kichwa kiukabili."

"Mota!" Pangaboi akanigeukia kama aliyeshinda kesi mahakamani. "Umesikia mwenyewe? Zinakula umeme!"

Njia nzima ya kurudi mimi nilikuwa nachemka. Nilishapanga maneno ya kumvua nguo yule mzee, nikawa nangoja tu tufunge mlango.

Lakini binti hakuingia ndani. Alipitiliza karakanani, akachukua feni ndogo ya betri, akatoa betri zake, akaunga nyaya zake na kitaa cha tochi. Baba yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo haina betri."

"Najua, baba."

"Sasa itawashaje taa?"

Binti aliiweka ile ndogo mbele ya feni kubwa ya kusimama, akaiwasha kubwa. Mapanga ya ile ndogo yakasitasita, yakaanza kuzunguka, na kitaa kikawaka.

Pangaboi akazima feni kubwa. Kitaa kikafifia, kikazimika. Akaiwasha, kikarudi. Akazima tena, akawasha tena, kisha akaigeuza ile ndogo ubavu, ikagoma. Akaielekeza kwenye upepo, ikakubali. Nikimtazama, yale maneno yangu yote yakanitoka kichwani.

"Maisha yangu yote naingiza umeme, natoa upepo," akasema mwishowe. "Sikuwahi kuwaza kuugeuza."

"Ungewazaje, baba? Wateja walikuwa wanataka upepo."

Akacheka, tukacheka wote. Kisha akaketi kwenye benchi lake, uso ukambadilika.

"Nilitaka uishike hii karakana. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Nikisema ubaki?"

"Ukisema nibaki, nitabaki."

Nikamkodolea macho Pangaboi. Laiti macho yangekuwa na meno, angelia. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mtoto, na nikaona jinsi alivyokuwa anampenda, na jinsi lilivyokuwa linamuuma.

"Usibaki," akasema. "Hapa nitafunga mwenyewe siku nikichoka. Wewe nenda kawasimamie wenzako. Kazi ni ileile, mwanangu, ila umeianzia upande wa pili."

Binti akamkumbatia, shati la harusini likajaa grisi. Mimi nililia palepale mlangoni, wala sikuhangaika kujifuta.

Jumatatu asubuhi, alipopiga simu kutoa jibu, baba yake alisimama ubavuni akimvuta mkono wa nguo. "Waambie unakuja," akamnong'oneza. "Na waambie nani aliyekufundisha feni."