Kuchemsha Mpaka Nusu

Sufuria ilipoanza kutokota, Efrazia hakuiepua. Nesi wa zahanati alifundisha kwamba maji yakichemka kidogo yanatosha, lakini Efrazia aliyaacha mpaka yakapungua nusu. Alikwisha kumzika mtoto mmoja kwa homa ya matumbo, enzi za kunywa maji ya kisima, na huyu wa pili hakuwa tayari kumbahatisha. Majirani walimcheka kwamba anapika maji kama makande. Walicheka tu, kuni hawakumletea.

Huyu wa pili, Hilda, alikuwa na miaka sita na miguu yake ilikuwa inapinda. Asubuhi hiyo Efrazia alimbeba mgongoni hadi ofisi ya kijiji, kwa kuwa Gerald, mtaalamu wa maji wa wilaya, alikuwa amekuja na majibu ya vipimo vya bomba. Bomba lenyewe lilizinduliwa kwa hotuba ndefu, mara tu baada ya Manyara kuwa mkoa, na watu wakashangilia vyote viwili. Mtendaji wa kijiji alimsubirisha nje mpaka mgeni amalize chai.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Shida nini?" Gerald aliuliza.

Efrazia akamsimamisha Hilda. Gerald akaitazama miguu, akamwomba mtoto afungue kinywa. Meno mapya yalikuwa yanaota na rangi ya kahawia.

"Ni floraidi. Madini haya yanatoka kwenye miamba chini. Kwenye bomba lenu yamezidi."

"Lakini mimi nachemsha. Nachemsha mpaka yanabaki nusu."

Gerald akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilikera zaidi.

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki. Maji yanakwenda na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Ukipunguza nusu, kila kikombe kinakuwa na floraidi mara mbili."

Efrazia akamvuta Hilda karibu. Ni yeye aliyempa, kila siku, kwa mapenzi yote.

"Sasa nimpe yapi?"

"Ya mvua ni mazuri."

"Mvua zimeisha. Na tanki la kuyawekea nitalitoa wapi?"

"Kisimani usiende," mtendaji alidakia. "Kimefungwa. Ukionekana pale ni faini."

"Basi fungeni na bomba."

"Tukifunga mtakunywa nini?" mtendaji aliuliza, akifurahia swali lake.

Gerald alisema taarifa imeshapelekwa mkoani, inasubiri bajeti. Aliyasema hayo akiangalia sakafu.

Walifika nyumbani jua likiwa kali, na Hilda akaomba maji. Efrazia akachota maji ya bomba kwenye ndoo, moja kwa moja. Mtoto akakitazama kikombe, akakiweka chini.

"Mama, haya hayajachemka."

"Kunywa tu."

"Nitakufa kama kaka."

Efrazia akachuchumaa mbele yake. Akachukua kikombe, akanywa kidogo ili mtoto aone, kisha akamshikia mdomoni mpaka maji yakaisha.